Likizo Yangu ya Uzazi na Umeme wa Njia ya Matai

Nilikuwa nimekaa kitandani namnyonyesha mwanangu simu ilipoita. Alikuwa fundi mwenzangu, yule tuliyeanza naye kazi siku moja, na alikuwa anapiga kelele kushindana na upepo.

"Dada! Transfoma imepanda! Iko juu ya nguzo, nakutumia picha sasa hivi!"

Nikapiga kigelegele. Mtoto akashtuka, akaachia titi, akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Mama mkwe wangu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi unadondosha uji.

"Kuna nini? Mtoto kafanya nini?"

"Mama, transfoma imepanda!"

Akanitazama, akamtazama mjukuu wake, akashusha pumzi. "Mimi nilidhani nyumba inaungua," alisema, akarudi kwenye uji wake wa ulezi.

Mimi ni fundi sanifu wa umeme. Nimeajiriwa na mkandarasi mdogo hapa Sumbawanga, ofisi ya watu wachache, na kazi yetu ni kupeleka laini vijijini kisha kuwakabidhi shirika la umeme waiwashe. Laini ninayoisimulia hapa ilikwenda kwenye kijiji kimoja cha njia ya kwenda Matai. Niliipima mwenyewe. Nilitembea kwenye mashamba ya mahindi mimba ikiwa bado haionekani, napiga vigingi mahali nguzo zitakaposimama, nikarudi mimba ikiwa imenitangulia mbele kama ngoma, nasimamia mashimo yachimbwe kina kinachotakiwa. Wanawake wa pale walinizoea. Wakiniona nashuka kwenye gari walikuwa wananiletea kigoda.

Mmoja wao alikuwa mama mwenye mashine ya kusaga. Mashine yake ilikuwa ya dizeli, na ilikuwa inakufa kila ikijisikia. Ikifa, wanawake walijitwika mahindi wakaenda kusaga kijiji kingine, wengine na watoto mgongoni. Huyo mama alikuwa ameshanunua mota ya umeme kabla nguzo hata moja haijafika. Aliiweka chumbani kwake, kaifunika kitenge. Alinifungulia nikaione siku moja, akaipigapiga mgongoni kama mtu anavyombembeleza mtoto.

"Umeme utakuja kweli, mwanangu?"

"Utakuja, mama."

"Na wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Nilisema hivyo bila kupiga hesabu ya tumbo langu. Mtoto akazaliwa mwezi wa tano, wakati nguzo za mwisho zinasimamishwa, na mimi nikajikuta nyumbani mjini, nimefungwa khanga tumboni, nalishwa uji wa ulezi asubuhi, mtori mchana na samaki wa migebuka jioni. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka kijijini Mollo na gunia zima la ulezi. Sheria zake zilikuwa chache na hazikuwa na rufaa: nisioge maji ya baridi, nisiiname, nisitoke nje kwenye upepo.

Picha ya transfoma ilipoingia kwenye simu niliikuza mpaka nikaona boliti. Nikampigia bosi wangu papo hapo.

"Bosi, shikamoo. Nimeona picha. Mimi wiki ijayo nakuja saiti. Sipandi nguzo, nakaa tu kwenye gari, natazama."

"Marahaba. Huji."

"Kwa nini?"

"Sheria. Ndani ya wiki sita tangu ujifungue, mpaka daktari aandike. Ukianguka pale mimi nitasema nini? Kaa na mtoto, mama. Pumzika."

Nilibisha. Nikamwambia mwili ni wangu, kazi ni yangu, laini nimeipima mimi. Akasema yote hayo anayajua na bado siji. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote, akaniomba simu, akaiweka sikioni, akasema kwa sauti ya heshima kabisa, "Asante sana, baba. Mungu akubariki," akakata.

Nilinuna. Ila nikiwa mkweli, nilipojaribu kusimama haraka siku ile niliona nyota. Sheria ile ilitungwa na mtu aliyejua jinsi mwanamke anavyokuwa siku kumi baada ya kuzaa. Nikaikubali, nikalala.

Kesho yake asubuhi simu ikalia tena. Ujumbe kutoka kwa bosi, pamoja na faili.

"Hongera tena kwa mtoto. Naomba uniangalizie hii ripoti ya vipimo vya udongo. Kazi ndogo tu, hata kitandani unafanya."

Niliifungua kwa furaha. Sitaki mtu asome hapa akadhani nililazimishwa nikitokwa na machozi. Kichwa changu kilikuwa na njaa. Nilikuwa nimekaa siku nyingi nikizungumzia kinyesi cha mtoto na rangi yake, na sasa nilikuwa na namba mbele yangu. Nikaweka laptop juu ya mto, mtoto kwenye kwapa, nikamaliza kabla ya chakula cha mchana. Bosi akajibu kwa vidole gumba vitatu.

Siku iliyofuata akaleta michoro. Kisha orodha ya vifaa vilivyobaki stoo. Kisha akaanza kupiga simu, eti fundi fulani kauliza swali, nimjibu, ni dakika moja. Kila moja ilikuwa kazi ndogo, na zilipokusanyika zilikuwa ndiyo kazi yangu ileile ya kila siku, imetoka saiti imenifuata chumbani, imeacha huko sehemu niliyokuwa naipenda.

Mume wangu ndiye aliyeiona kabla yangu. Anafundisha hesabu sekondari. Sheria inampa baba siku tatu za likizo, na za kwake ziliisha hivi: ya kwanza aliimaliza kwenye benchi la hospitali, maana uchungu ulikuwa mrefu. Ya pili alizunguka mjini kutafuta beseni, dawa na mtu wa kutuletea kuni. Ya tatu alipika wali ukaungua chini, akamshika mwanawe kama anashika trei ya mayai. Siku ya nne alikuwa darasani na chaki mkononi, anafundisha milinganyo huku shati lina alama ya maziwa begani.

Jioni moja alirudi akanikuta nachapa, mtoto amelala kifudifudi juu ya mapaja yangu. Akaketi pembeni ya kitanda na koti lake bado mwilini.

"Leo umefanya kazi saa ngapi?"

"Kidogo tu."

"Uji wako umepoa hapo. Umeota ngozi."

Nikautazama uji. Kweli.

"Mimi," alisema, "ningepewa hata wiki mbili ningezitumia zote. Ningejifunza kumwogesha. Sijapewa. Wewe umepewa siku themanini na nne, halafu unazirudisha ofisini moja moja, bure. Sasa katika nyumba hii nani yuko likizo?"

Mama mkwe alijibu kutoka jikoni: "Mtoto."

Tulicheka mpaka kidonda changu cha uzazi kikauma. Lakini swali la mume wangu halikunitoka kichwani. Nilianza kukumbuka siku nilizofanya kazi. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri.

Wiki sita zikapita. Nikampeleka mtoto kliniki kwa chanjo na mimi nikaingia kupimwa. Muuguzi alinikagua vizuri akasema nimepona, naweza kwenda ninakotaka ilimradi nisibebe mizigo. Nilikuwa bado kwenye foleni ya kupima uzito wa mtoto ujumbe wa bosi ulipoingia. Nilisoma mara mbili. Sehemu ya kwanza: shirika wamekubali, laini inawashwa Alhamisi, ila kwa kuwa niko likizo hatanisumbua, yeye na fundi mwenzangu watakwenda. Sehemu ya pili: naomba ukamilishe nyaraka zote za makabidhiano kabla ya Jumatano.

Sikurudi nyumbani. Nilimfunga mtoto mgongoni na kutembea moja kwa moja mpaka ofisini.

Bosi wangu ni mtu mzima, mnene, mpole, ana tabia ya kusimama mwanamke akiingia. Alisimama. Akamchungulia mtoto akasema kafanana na baba yake. Nikasema asante. Nikakaa.

"Bosi, naomba uniambie. Mimi niko likizo au niko kazini?"

"Likizo, mama. Kabisa."

"Basi nyaraka za Jumatano ni za nani?"

Akakuna kichwa. "Aa, zile... unazijua vizuri wewe. Ukikaa tu hivi kidogo..."

"Nikitaka kuja saiti, unaniambia sheria. Ukitaka ripoti, sheria inalala. Kazi ninayoipenda nimekatazwa, ile ya kuchosha macho nimeletewa kitandani. Ile michoro, ile stoo, zile simu za dakika moja, zote nimefanya ndani ya likizo. Sikatai kwamba nilikubali. Lakini siku zile nilikuwa kazini, na nazitaka zirudi mwisho wa likizo yangu."

Nilikuwa nimeshaanza na sikutaka kuishia hapo. Mtoto naye akaamua kupiga chafya kubwa mgongoni.

Bosi akasema, "Unajua ofisi yetu ni ndogo. Mkandarasi mkubwa wa jijini kule akimpoteza mtu mmoja kwa miezi mitatu hajui hata jina lake. Mimi ukitoka wewe nimebaki na mguu mmoja."

"Najua, bosi. Ndiyo maana nilifanya. Lakini huo mguu umekuwa unautumia, na mimi bado nahesabiwa nimepumzika."

Alicheka, japo hakutaka. Akageuka dirishani. "Mke wangu kazaa wanne," alisema. "Nilikuwa saiti mara zote nne. Mmoja nilimkuta ameshaanza kukaa."

Nikamgeuza mtoto nikampakata. Bosi akavuta kiti chake karibu na meza.

"Haya. Siku zako utazipata. Niandikie ni zipi, mimi nasaini. Nyaraka nitamalizia mwenyewe, ukiniona nimekosea ucheke kimyakimya. Na Alhamisi?"

"Alhamisi nakuja. Muuguzi ameniruhusu."

"Unakuja kama mgeni. Hushiki kitu."

"Sishiki kitu."

Alhamisi tuliondoka mapema na pikapu ya ofisi. Mama mkwe alikuwa amesema mjukuu wake haendi popote kwenye upepo ule bila yeye, kwa hiyo tulikaa watatu mbele pamoja na dereva, mtoto kafungwa mablanketi mpaka amebaki pua. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi inauma, na upepo wa Ufipa unasukuma gari ubavuni. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamelala. Nilipoziona nguzo zangu zinaanza kule mbali, zimenyooka moja nyuma ya nyingine juu ya kilima, nilimshika mama mkwe mkono.

"Zile pale! Mama, zile!"

"Nimeziona, mwanangu. Usinivunje vidole."

Kijiji kizima kilikuwa nje. Watoto wa shule na sweta zao, wazee kwenye viti, wafugaji waliohamia kutoka kanda ya ziwa wamesimama na fimbo zao pembeni, na wanawake wengi sana mbele ya nyumba ya mashine, kila mmoja na ndoo au gunia la mahindi. Mama mwenye mashine alikuja kunipokea amevaa kitenge kipya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu! Na huyu ndiye aliyekuwa tumboni tulipokuwa tunachimba?" Alimfunua mtoto blanketi, akamwangalia. "Umeme wako huu, bwana mdogo. Umechelewa kwa ajili yako."

Watu wa shirika walikagua, wakapima, wakaongea na simu. Fundi mwenzangu akachukua fimbo ndefu, akaiinua mpaka juu ya transfoma, akafunga fyuzi moja, ya pili, ya tatu. Kila moja ilitoa mlio, tak! Na kila mlio watu walirudi hatua nyuma. Kisha ukasikika ule mngurumo mdogo wa transfoma yenye umeme, ambao ukiwa fundi unausikia hata katika kelele, na mimi nikatokwa na machozi hapohapo hadharani.

Tukaingia nyumba ya mashine. Mota ilikuwa imefungwa mahali pake, mkanda umevutwa vizuri. Bosi akampa mama mwenye mashine heshima ya kubonyeza swichi. Akafanya ishara ya msalaba, akabonyeza. Mota ikaamka, mkanda ukakimbia, vigelegele vikalipuka nje. Halafu fundi mwenzangu, aliyesimama mlangoni, akainua mkono.

"Zima! Zima, mama!"

Mashine ilikuwa inazunguka kinyume.

Vigelegele vikakatika. Mama mwenye mashine akaweka mkono mdomoni. Kwa fundi si jambo la kutisha. Nyaya tatu zimeingia kwenye mota, unabadilishana mbili, inageuka. Mwenzangu aliijua hiyo kama mimi. Lakini alikuwa bado na ile fimbo ndefu mkononi, mkoba wa vifaa umebaki kwenye nguzo, na mimi nilikuwa nimesimama nusu hatua kutoka kwenye boksi la swichi, mikono inaniwasha. Nikamtazama bosi. Bosi akatazama dari.

Mama mkwe ndiye aliyeamua. Mwanamke yuleyule aliyenikataza kuinama alinyoosha mikono.

"Lete mtoto. Nenda."

Nikampa mtoto. Nikazima swichi kuu, nikaazima testa na bisibisi kwa mtu wa shirika, nikapima kuhakikisha hakuna umeme, nikafungua, nikabadilisha nyaya mbili, nikakaza. Bosi aliinama karibu na sikio langu.

"Na hii nayo utaidai?"

"Hii ni zawadi," nilimwambia.

Mama akabonyeza tena. Safari hii mkanda ulikimbia ulikotakiwa. Debe la kwanza la mahindi likamiminwa, na unga ukaanza kutoka, mweupe, moto, kwenye mfuko ule mrefu wa kitambaa uliovimba kama puto. Wanawake waliingia wote kwa pamoja. Wengine walishika unga wakajipaka usoni, wengine walinipaka mimi. Nilipotoka nje kumchukua mtoto, mama mkwe alicheka akasema mjukuu wake hatanijua.

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi chini ya ukuta kujikinga na upepo, mwenyeji wa kanda ya ziwa kwa lafudhi yake, na mtoto wake mgongoni mdogo kama wa kwangu. Nilikaa karibu naye kunyonyesha.

"Dada, wewe umejifungua lini?"

Nikamwambia.

"Na umesharudi kazini?"

"Bado. Niko likizo. Leo nimekuja kutazama tu."

"Likizo ndiyo nini? Wanakuacha ukae?"

"Wananiacha nikae, na mshahara unaingia."

Alinikodolea macho, kisha akageuka kwa wenzake. "Njooni msikie! Huyu analipwa kukaa na mtoto!"

Wakaja. Wakataka nirudie. Mmoja akasema yeye alijifungua wakati wa kuvuna maharage, na baada ya wiki mbili alikuwa shambani, mtoto kamlaza kivulini. Mwingine akasema wiki mbili ni nyingi. Hawakusema kwa kulalamika. Walikuwa wanacheka, unga umewajaa kope. Kisha yule wa kwanza akauliza, "Sasa sisi bosi wetu wa kumwomba ni nani?" Wakatazamana, na wote kwa pamoja wakageuka kuwatazama wanaume waliokuwa wamesimama upande wa pili. Wanaume wakaona, wakaanza kusogea taratibu kuelekea kwenye nguzo, kana kwamba nguzo inahitaji kukaguliwa. Tulicheka mpaka mtoto wangu akaacha kunyonya.

Njiani kurudi nilikuwa nimejaa furaha hadi naongea peke yangu, lakini swali la yule dada nilirudi nalo. Mimi niligombania siku zangu nikazipata kwa sababu nilikuwa na ofisi ya kuingia na kiti cha kukalia. Yule dada ana jembe. Sijui sheria ya namna gani ingemfikia, ila najua kwamba mashine ilimwondolea safari ya kwenda kusaga kijiji kingine, na siku ile hilo lilimtosha kucheka.

Bosi alitimiza neno. Likizo yangu ilipokwisha kwenye karatasi, iliendelea kwa siku nilizokuwa nimefanya kazi, na hakuna simu hata moja iliyoita kutoka ofisini. Mwezi uliofuata mke wa fundi mwenzangu alijifungua, na bosi alimpa mwenzangu wiki nzima badala ya siku tatu. Alimwambia mbele yetu sote, akijifanya mkali, kwamba akimwona saiti atamfukuza.

Siku zangu za nyongeza ziliangukia likizo fupi ya shule ya mwezi wa tisa, kwa hiyo mume wangu naye alikuwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa amesharudi Mollo. Asubuhi ya kwanza mume wangu alikunja mikono ya shati, akajaza beseni, akapima maji kwa kiwiko kama alivyomwona mama yake akifanya, akamwingiza mwanawe majini. Nilikaa kwenye kigoda nikijilazimisha nisiseme kitu. Mtoto alinyamaza, akamkazia macho baba yake kwa muda mrefu, kisha akapiga maji kwa mikono miwili, yakamwagika yote kwenye suruali ya mwalimu.

"Umeona?" mume wangu alipiga kelele. "Umeona alivyofanya?"

"Nimeona!"

"Ngoja, ngoja, atarudia!"

Na kweli akarudia.